Kipini cha Shaba

"Mama Mahoro, ile boti unamufundisha mutoto, iko ya nani?"

Bénita aliuliza swali hilo mara moja tu, asubuhi moja kwenye foleni ya maji kule Mabanga, akiwa ameegemea bidoni zake za njano. Hakuuliza kwa ubaya. Bénita ni jirani ambaye mdomo wake hufika kabla ya miguu yake, lakini moyo wake ni mzuri. Kila alfajiri alimwona mama na binti wakishuka barabara ya mawe meusi kuelekea ziwani, binti amebeba tangi ya esansi, yaani petroli, kichwani, mama ameshika mfuko wa funguo za kufungulia nati za moteri kwa mkono wa kushoto, naye akataka kujua.

"Iko ya baba yake," Mukamugema, mama yule, alijibu.

"Baba yake alikufa, mama."

"Najua. Nilimuzika mimi."

"Sisemi vile." Bénita akashusha sauti. "Wanasema shemeki yako Célestin ameshaanza kuiita yake. Usije ukamuchokesha mutoto bure."

Mukamugema alifunga bidoni yake, akaisukuma mbele kwa goti, kwa sababu bega lake la kulia halibebi kitu tangu alipoanguka usiku wa kukimbia volkano. Lakini lile neno "bure" lilimwingia kama mwiba wa samaki, likakaa kooni siku nzima.

Neno lilikuwa limewekwa siku ya kuondoa kilio. Célestin, mdogo wa marehemu Habumugisha, mume wa Mukamugema, alisimama mbele ya wazee, suti yake imepigwa pasi, akasema: "Kama ku nyumba ya marehemu kuna mutu anajua kuendesha boti na kuitengeneza, boti ibaki ku nyumba. Kama hakuna, irudi ku jamaa. Tunawapa miezi sita." Aliyasema huku akiwatazama wasichana watatu waliokaa mkekani, mkubwa wao Mahoro wa miaka kumi na tano, na pembe moja ya mdomo wake ikacheka. Muzee Nsanzimana, baba mdogo wa marehemu na kichwa cha ukoo, akagonga fimbo chini. Hilo ni neno la haki, akasema. Wote wakaitikia.

Mukamugema pia aliitikia. Kuliko wote.

*

Kuendesha yeye mwenyewe hakuweza. Moteri ile ni ya zamani, huwashwa kwa kuvuta kamba, na kamba inataka bega zima. Lakini miaka kumi na sita alikaa nyuma ya boti pamoja na mume wake, akimpa funguo, akishika taa, akifuta bujia, plagi ya moteri, kwa ncha ya kitenge. Hakuna aliyemwona kama fundi. Alionekana kama bibi anayemsindikiza bwana wake. Naye aliona kila kitu, akasikia kila kitu, akanyamaza.

Tangu barabara ya Sake kufungwa na vita, ziwa ndilo barabara. Boti ile ilichukua wamama wachuuzi hadi Minova, ikarudi na poireau na makabichi, na katika safari hizo ndimo mlimotoka kodi ya nyumba, unga na karo ya wasichana watatu. Sasa ilikuwa imefungwa kwenye kijipwani cha Himbi, kati ya kuta mbili ndefu za watu wenye nafasi, pale ambapo zamani kila mtu alifua nguo na leo pamebaki upana wa mlango.

"Tangi hii ni lita makumi mbili na tano," alimwambia Mahoro siku ya kwanza. "Mafuta ngapi?"

"Nusu lita."

"Unaanza na nini?"

"Mafuta, halafu esansi, halafu natikisa."

"Na ukisahau mafuta?"

"Moteri itanikumbusha."

"Itakukumbusha, ndiyo. Lakini siku hiyo itakuwa imeshakufa."

Mahoro alivuta kamba mara kumi na moja kabla moteri haijakohoa. Viganja vyake vilitoka malengelenge. Mukamugema hakumwonea huruma, au alimwonea lakini hakumwonyesha. Alimfundisha kwa sikio, kwa kuwa yeye mwenyewe alijifunza hivyo. "Usiangalie. Sikiliza. Hii ni kiu ya esansi. Hii ni bujia chafu. Sasa inakojoa?"

"Inakojoa, mama!" Mahoro alicheka, akielekeza uzi mwembamba wa maji uliokuwa ukitoka ubavuni mwa moteri.

"Cheka, lakini siku itaacha kukojoa, zima palepale. Ile maji njo inapoza tumbo yake. Baba yako alikuwa anaangalia mukojo wa moteri kuliko anavyoangalia mimi."

Wiki ya tatu mlango wa chuma kwenye ukuta wa kulia ulifunguka, mlinzi akatoka na rungu lake.

"Nyie wamama! Zimeni hiyo kitu. Wazungu wako mu reunion, mu mukutano."

"Saa kumi na mbili ya asubuhi?" Mukamugema aliuliza.

"Reunion haina saa. Na musimwage mafuta hapa. Hii ni pwani ya kampani."

"Nilifulia hapa nepi za huyu mutoto, papa. Hukuwa hata umezaliwa ku kazi yako."

"Basi fulia zingine," alisema mlinzi. Alibaki amesimama hadi walipofunga boti, wakapandisha tangi kichwani na kuondoka wakiwa wamefanya kazi ya dakika kumi.

Njiani Mahoro alitaka kusema kitu. Mama yake alimkatiza. "Kesho tunakuja saa kumi na moja."

*

Mwezi wa Aprili Célestin aliichukua boti siku nne. Hakuomba. Alituma kijana akafungua kamba, na Mukamugema alipofika pwani alikuta maji matupu. Walipompigia simu alisema: "Shemeki, ni kazi ya jamaa, nabeba makala. Boti inaoza hapo." Iliporudi, sakafu yake ilikuwa nyeusi tii kwa makaa, na jile mbili za kuelea na makasia hayakuwamo.

"Asante ya punda ni mateke," alisema Bénita, aliyekuja siku hiyo kusaidia kusugua.

"Kuliko huyu, hata punda ana haya," Mukamugema alijibu, kisha akajikosoa kwa ishara ya msalaba.

Mahoro yeye alikuwa ameshainua moteri na kufungua elisi, lile panga linalosukuma maji, kama alivyofundishwa kufanya kila boti inaporudi kutoka mkono wa mtu mwingine. Akaita. "Mama. Kuya uone."

Katika kila moteri ya namna ile kuna kipini kidogo, urefu wa kidole kimoja, kinachoshikanisha elisi na mhimili wake. Habumugisha alikikata kwenye vijiti vya shaba wanavyotumia wasudia, wachomeaji vyuma, wa Birere. Kinatakiwa kiwe laini. Elisi ikigonga jiwe au kushikwa na kamba, kipini kinakatika, na meno ya ndani yanapona. Unaweka kingine, unaenda. Ndani ya elisi ile sasa hapakuwa na shaba. Palikuwa na kipande cha chuma kigumu, kimekatwa kwenye springi ya pikipiki na kupigwa nyundo.

"Kile cha shaba kimevunjika huko Minova," Mahoro alisema polepole, akiwaza. "Wakaona haya kukwama. Wakaweka hiki kisivunjike tena."

"Na siku kitagonga?"

"Hakitavunjika. Kitavunjika kile cha ndani, kile hatuwezi kununua."

Mukamugema alimtazama binti yake. Mikono yenye grisi hadi kwenye viwiko, kovu la malengelenge, jicho la baba yake. Kwa mara ya kwanza tangu maziko alitamani kuimba.

"Toa," alisema. "Weka cha shaba. Na vitatu vya akiba, ufunge mu mufuko."

"Papa mudogo atakasirika."

"Akasirike. Moteri haijue ukoo."

Usiku ule, katika sala, alimwomba Mungu amsaidie asimchukie Célestin. Akafika katikati ya sala akasimama, kwa kuwa hakupenda kumdanganya Mungu. Akasali upya: Bwana, kama nitamchukia, unisaidie angalau nisikosee kazi.

*

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tano, miezi sita ilipotimia. Walikuja Célestin, Muzee Nsanzimana na wazee wengine wawili wa ukoo, wamevaa viatu vya kanisani. Mukamugema aliposogea ili apande, Célestin aliweka mkono mbele yake.

"Wewe baki, shemeki. Usije ukamunong'oneza majibu."

"Nitamunong'oneza nini, na ile kelele ya moteri?"

"Baki tu. Ni mambo ya jamaa."

Miaka kumi na sita ya kushika taa, na sasa haya yalikuwa mambo ya jamaa. Alibaki. Alikuwa amevaa kitenge chake cha mama wa shirika la kanisani, rozari mkononi, Bénita kando yake amejishika kiuno kama mtu anayengoja kupigana. Mahoro alivuta kamba mara mbili. Moteri ikaitika. Alitazama ubavuni, akaona mkojo, akageuza boti kwa upole bila kuigusisha mawe, akaenda.

Walipozunguka pembe ya ukuta hawakuonekana tena. Ikabaki sauti.

"Unaona kitu?" Bénita aliuliza.

"Nasikia. Amepunguza. Kuna mawimbi ya bato kubwa limepita. Sasa ameongeza. Vizuri."

Kisha sauti ilipanda ghafla, ikalia juu, nyembamba, kama mbuzi anayevutwa kwenda kuchinjwa. Ikakatika. Ziwa likawa kimya.

"Imekufa!" Bénita alishika kichwa. "Mama yangu, imekufa!"

"Haikufa. Kipini njo kimekatika. Yeye njo ameizima." Sauti ya Mukamugema ilikuwa tulivu, lakini rozari ilikuwa imemkata kidoleni. "Sasa anaiinua. Sasa anatafuta pensi ya kuchomolea kipini. Tusali, Bénita."

Walianza fungu la kwanza. Salamu Maria kumi. Kutoka nyuma ya ukuta walisikia sauti ya mwanaume ikifoka, maneno hayakufika. Fungu la pili. Bénita alisali akiwa amefumba macho, Mukamugema akiwa ameyafumbua. Kwenye Salamu ya tisa moteri ilikohoa mara moja. Kwenye ya kumi ikawaka, sauti yake nzito, ileile, na Bénita akaruka juu akapiga vigelegele vilivyomtoa mlinzi mlangoni.

"Nini tena, nyie?"

"Funga mulango yako, papa!" Bénita alimwambia. "Leo njo reunion yetu!"

Boti ilirudi. Mahoro alikuwa amelowa hadi kifuani. Muzee Nsanzimana alishuka wa kwanza, suruali yake inachuruzika, anacheka kwa meno yake matatu.

"Mukamugema! Huyu mutoto umemuzaa ama umemutengeneza ku garage? Ameinama pale nyuma, maji inamupiga uso, ameshika vitu kidogo-kidogo kama dada anayetoa vijiwe mu muchele. Mimi nilishaanza kuungama zambi zangu!"

"Aliondoa chuma yangu," Célestin alisema. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maji na uso wake umejaa kitu kingine. "Ingekuwa chuma yangu, hatungesimama."

"Ingekuwa chuma, papa mudogo," Mahoro alijibu, akipangusa mikono, "ingevunja meno ya ndani. Tungerudi na makasia. Na makasia ulipoteza pamoja na jile."

"Unanijibu?"

"Nilikuambia pale kuna kamba za wavuvi wa sambaza. Ukasema pita, ni mimi nasema. Nikapita."

Célestin alimgeukia mzee. Mzee alikamua mguu wa suruali. "Ni kweli," alisema. "Alisema kuna kamba. Sote tulisikia."

Siku hiyo, saa hiyo, kwenye kijipwani kile chenye upana wa mlango, Mukamugema aliamini kwamba mambo yamekwisha.

*

Baraza lilifanyika baada ya chakula, nyumbani kwa Célestin, kwenye sebule yenye vigae vinavyong'aa. Wazee walikaa kwenye viti vya ngozi. Mukamugema alipewa kibao cha plastiki karibu na mlango, cha mtoto. Mahoro aliambiwa angoje nje. Soda zilizungushwa, zilipofika kwake zilikuwa zimekwisha. "Pole, shemeki, utakunywa kanisani," mmoja alisema, wakacheka kidogo.

Muzee Nsanzimana alikohoa. "Mutoto anajua. Nimeona na macho yangu, siwezi kudanganya. Anajua kuliko wavulana wetu." Alizungusha fimbo. "Lakini."

Mukamugema aliinua macho.

"Lakini binti ni mugeni ku nyumba ya baba yake. Kesho anaolewa. Boti itatoka pamoja naye, iende ku watu wengine. Ukoo utabaki unaangalia maji. Hiyo hatukuifikiri vizuri siku ile."

"Muzee, siku ile mulisema mutu wa nyumba, anajua kuendesha na kutengeneza. Mulisema miezi sita. Hakuna mutu aliongeza kitu ingine."

"Shemeki, usitufanyie avocat, hapa si ku korti," Célestin alisema.

"Mahoro iko na miaka kumi na tano. Huyo bwana wake yuko wapi?"

"Atakuja. Ijapokuwa binti ananuka esansi, tutamutafutia tu." Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu, na Mukamugema alijua kwamba dirisha liko wazi na mtoto wake amesimama chini yake.

"Na watoto watatu watakula nini?"

"Nitawaangalia. Kila mwezi nitaleta kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu. Mungu atajalia."

"Usimutie Mungu mu mufuko yako, Célestin."

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu, bila shemeki, bila papa. Hata yeye mwenyewe alishtuka, kisha akagundua kwamba hajutii.

Célestin alichomoa karatasi kutoka kwenye bahasha, akaiweka mezani pamoja na kalamu. Alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. "Tumalize. Ni PV tu, ripoti ya kikao. Wazee watatia saini, na wewe utatia hapa chini. Bila saini ya mujane, biro ya bandari haibadilishe jina ya boti. Ni sheria yao, si yangu."

Mukamugema alisogeza kibao chake hadi mezani. Akachukua karatasi, akaanza juu kabisa, kidole chini ya mstari.

"Si lazima usome yote. Ni kifaransa."

"Nilifika darasa ya sita, shemeki. Naenda polepole, lakini nafika."

Walingoja. Mmoja wa wazee aliangalia saa. Mengi katika karatasi ile hakuyaelewa, na hakuona haya kwa hilo. Lakini tarakimu hazina lugha. Na katikati ya ukurasa lilikuwapo neno moja alilolijua vizuri sana, kwa kuwa kila mwisho wa mwaka alilitafuta kwenye bulletin za shule za watoto wake akiomba asilikute.

"Muzee Nsanzimana," aliuliza, "leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na saba."

"Hapa juu wameandika tarehe tatu. Ya mwezi huu. Wiki mbili zimepita." Alisogeza kidole. "Na hapa kuna jina ya mutoto wangu. Mahoro. Halafu iko: a échoué. Hii mbele yake ni nini, sijue. Lakini hii najua. Ni kusema amekosa mutihani." Aliinua uso. "Tarehe tatu Mahoro alikuwa amelala ku nyumba yangu na malaria. Mutihani gani alikosa?"

Friji ilinguruma jikoni. Mzee mmoja aligundua kitu cha kuangalia kwenye soda yake.

"Ah, ni makosa ya secrétariat," Célestin alisema. "Dactylo, mupiga chapa, aliandika mbele ya siku ili tusichelewe. Maneno ni ileile."

"Muzee," Mukamugema alisema, hakumtazama Célestin tena. "Wewe uliingia mu boti ile leo. Ulicheka. Ulijua kama hii karatasi iko?"

Muzee Nsanzimana alitazama fimbo yake. Meno matatu hayakuonekana. "Mwanangu," alisema, "mambo ya ukoo ni mazito. Wewe ni mama ya sala. Mama ya sala anajua kuvumilia." Alivua kofia, akaiweka gotini, na wengine wakavua zao, kwa haraka, kama watu waliopata mlango. "Tusiachane na uchungu. Tia saini, halafu utufungie na sala. Wewe njo mama wa shirika. Sala yako inafika."

Waliinamisha vichwa. Wote wanne, macho yamefumbwa, mikono imeshikana matumboni, wakingoja sauti yake iwasafishe. Hata Célestin alifumba.

Aliwatazama, mmoja mmoja, muda wa kutosha kuwajua. Ishara ya msalaba haikuinuka. Aliirudisha karatasi mezani, mahali pa saini peupe kama alivyopakuta, akalaza kalamu juu yake ili upepo wa dirishani usiipeperushe. Akanyanyuka kwenye kile kibao cha mtoto, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akatoka.